Masale ya Kiwanja cha Chini

Mvua ya kwanza ya mwaka ilinyesha Koboko usiku wa kuamkia Jumapili, tena ilinyesha kwa kukomoa. Asubuhi watu walitoka kanisani wakimshukuru Mungu kwa ajili ya mahindi yao. Sidonie hakuwa na habari na mahindi. Alisimama karibu na mlango, kitambaa kichwani, akiwatazama wanaume wakitoka mmoja mmoja, na kila aliyetoka hakuwa Kenyi.

Kenyi hakuwa mtu wa kukosa misa. Wamama wa kwaya walimsifu kwa ucha Mungu, ila Sidonie alijua siri yake: benchi alilolipenda lilikuwa linatazamana na lile la wasichana, na macho ya kijana yule yalisali upande mmoja tu. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Leo benchi lile lilikaa wazi tangu zaburi hadi baraka.

"Ule kijana yako iko wapi?" aliuliza baba yake, Papa Kasereka, huku akipangusa viatu vyake vyeusi kwa leso. Viatu vile vilivaliwa Jumapili peke yake, na matope hayakuruhusiwa kuvikaribia.

"Atakuja, papa."

"Atakuja lini? Padri ameisha kuvua kanzu." Papa Kasereka akashusha sauti. "Nestor ametoka Butembo mpaka huku juu yako. Kesho anarudia. Anataka kuona kwa macho yake fasi utaolewa, pahali utakaa. Minamupeleka sasa hivi ku kiwanja, kijana akuwe, asikuwe."

Baba mdogo Nestor alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma, akiutazama mji kama mtu anayekagua mbuzi mnadani. Ukoo mzima ulikuwa umemtuma yeye. Akirudi na neno zuri, posa ingepokelewa. Akirudi na neno baya, Sidonie angepelekwa Butembo kwa shangazi zake, na huko wachumba walishapangwa foleni.

"Basi mimi nitatangulia," Sidonie alisema. "Nikafyeke njia, nyasi iko na maji."

Mama yake, Mama Régine, alimtazama na kutabasamu kidogo. Alijua vizuri kwamba bintiye hakuwa na panga.

Sidonie alipofika kwenye kona akavua viatu, akavishika mkononi, akakimbia.

Mwaka ule wa sabini na nne Koboko ilikuwa inapanuka. Kamati ya mji ilikuwa imeamua kufungua mtaa mpya wa nyumba za bati bondeni, chini ya barabara iendayo Arua, kando ya kinamasi. Kazi ya kuupima ilipewa Kenyi, mpima ardhi kijana aliyetoka chuoni na mnyororo wake na fito zake za rangi nyekundu na nyeupe. Kwa kumshukuru, kamati ikamtengea kiwanja kimoja katika safu ya chini, mahali pazuri penye udongo mweusi.

Kiwanja hicho ndicho kilichomfungulia mlango wa Papa Kasereka. Kabla ya hapo mzee alikuwa amekataa katakata. Hakuwa na ubaya na kabila la Kenyi wala dini yake. Alichokataa ni kambi. Baba yake Kenyi alikuwa askari, na Kenyi alizaliwa kambini, akakulia kambini. "Mutoto wa kambi hana kwabo, hana nyumbani," mzee alisema. "Leo Jinja, kesho Mbarara, kesho kutwa haujui. Mi nilitoka Congo na mizigo ku kichwa. Binti yangu hatabeba mizigo tena. Alete kiwanja, tuzungumuze."

Kenyi akaleta kiwanja. Mwezi wa kwanza, ardhi ikiwa kavu, Papa Kasereka akaenda mwenyewe kupanda masale kwenye pembe zake zote. Masale ndiyo mmea wa mpaka kwao, wenye majani marefu, unaoota hata ukikatwa kipande. Mbele ya majirani na wajumbe wa kamati, mzee aliinua kidole: "Bote musikie. Haya ni masale ya binti yangu. Mukono ya mutu mwingine isiyaguse. Yeye mwenyewe tu njo anaweza." Alisema vile akimtazama Kenyi, ili kijana asije akapata wazo la kuhamisha vigingi vyake. Watu walipiga makofi. Sidonie alipiga kuliko wote.

Sasa alifika ukingo wa bonde, akasimama ghafla.

Kenyi alikuwa katikati ya safu ya chini, suruali imekunjwa hadi magotini, matope yamempanda hadi mapajani. Alikuwa anang'oa vigingi. Alikwisha ng'oa safu karibu nzima na kuvirundika kwenye nyasi. Kilichobaki kilikuwa kimoja tu, cha kiwanja chao, na alikuwa ameshakikamata.

"Kenyi! Wewe unafanya nini?"

Akageuka. Lo! Macho yale. Hata katika hasira yake Sidonie aliona jinsi yalivyoangaza kwa kumwona, halafu yakazimika.

"Sidonie. Kuja pole pole. Hapo iko maji."

"Maji gani?" Akashuka, na hatua ya pili tu mguu ukazama mpaka kwenye kifundo. Vyura wakanyamaza. Ndipo alipotazama sawasawa. Pale walipopiga makofi mwezi wa kwanza, palipokuwa na majivu na udongo uliopasuka, maji yalikuwa yamesimama, na vichipukizi vya mafunjo vilikuwa vimetokeza vichwa kila mahali kama wenye nyumba waliorudi safarini.

"Mimi nakosa," Kenyi alisema. "Mimi napima wakati ya jua. Watu walichoma nyasi, kila kitu ilikauka, mimi nasema kinamasi inaishia kule chini. Kumbe ilikuwa nalala tu, maji yake napanda polepole chini ya udongo. Mvua moja, Sidonie! Mvua moja tu, na safu nzima imekuwa hivi. Mwezi wa nane itakuwa namna gani?"

"Na kiwanja yetu?"

Kenyi akamwonyesha kwa kidole. Masale ya pembeni yalikuwa yamesimama ndani ya maji, majani ya chini yameanza kuwa njano.

"Baba mdogo Nestor iko njiani," Sidonie alisema. "Sasa hivi, Kenyi. Papa anamleta hapa. Anakuja kuona kiwanja, na wewe unang'oa kiwanja! Haikuweza kungoja kesho?"

"Kesho mimi napeleka ramani Arua. Kama ofisi ya ardhi inapiga muhuri, imekwisha. Watu watajenga hapa. Mama na watoto watalala hapa, maji itaingia chini ya kitanda yao."

"Peleka ramani yako kesho! Lakini leo rudisha vigingi. Saa moja tu. Baba mdogo aone, aondoke, basi. Halafu ng'oa mpaka uchoke." Akamshika mkono, ule mkono wenye matope. "Kenyi, nakuomba. Watanipeleka Butembo."

Kenyi akautazama mkono wake ulioshikwa. Alikuwa na kigingi kimoja mkononi, cha kiwanja chao, alichokichonga mwenyewe na kukipaka rangi kwa uangalifu kupita vingine. Akakigeuza. Akainama, akakiweka juu ya shimo lake, na Sidonie akapumua.

Lakini hakukigonga. Alikaa amechuchumaa vile vile, kichwa chini.

"Mimi nazaliwa ndani ya nyumba ya bati ya mviringo, ya jeshi," alisema polepole. "Ukuta bati, juu bati. Siku moja lori inakuja, mama anafunga godoro, tunahama. Hata mlango haikuwa yetu. Kila mahali mimi nauliza mama: hapa ndiyo kwetu? Anasema bado." Akainua uso, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Mimi nataka hii kiwanja kuliko baba yako. Lakini nyumba yangu ya kwanza, yangu na yako, nianze na uongo? Nimdanganye mzee, halafu nimwite baba?"

"Kwa hiyo umechagua ramani yako, mimi umeniacha!"

"Sikuachi! Mimi nasimama hapa, nangoja wao, nasema mwenyewe. Kama wanakupeleka Butembo, mimi nakuja Butembo. Kama wanasema ngoja, mimi nangoja mpaka nywele inakuwa nyeupe. Lakini hii hapana." Akakitupa kigingi kwenye rundo.

Sidonie alitaka kumpiga kofi, na alitaka kumkumbatia, na asingeweza kusema ni lipi alilitaka zaidi. Akalia. Alilia kwa uchungu wa kweli, viatu bado mkononi, na Kenyi akasimama karibu bila kumgusa, maana juu barabarani watu walikuwa wanapita.

Machozi yana mwisho wake. Sidonie alipangusa uso kwa kitambaa, akamtazama tena mwanaume huyu aliyechafuka kama nguruwe, na moyoni mwake hasira ikaanza kupungua bila ruhusa yake. Mtu anayekataa kuwadanganya hata watu asiowajua, angemdanganya mkewe lini? Ukimpata mwanaume wa hivyo, utamwachia nani?

"Hawa watu wa safu hii," alisema, sauti bado nzito. "Unawapeleka wapi?"

"Kule juu." Kenyi akanyoosha ufito wake kuelekea mteremko, ng'ambo ya njia. "Ile safu mpya. Udongo nyekundu, mawe mawe, kisima iko mbali. Watu watalia, lakini maji haifiki. Nasema kwa kamati, wale wamepoteza hapa chini, wachague kwanza. Mimi niwe wa mwisho."

"Na wa mwisho atapata nini?"

"Labda hakuna."

"Na pale, mwisho kabisa, kwenye jiwe?"

Kenyi akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Ile? Nani anataka ile? Jiwe iko katikati ya kiwanja. Kubwa kama lori."

Sidonie alilijua jiwe lile. Lilikuwa bapa, pana, limeinama kidogo kuelekea jua. Akina mama wa jirani walianika muhogo juu yake, na jioni walikuja kuukusanya huku wakipiga soga. Alilitazama kwa muda mrefu.

"Wanakuja," Kenyi alisema.

Walikuwa wanakuja kweli: Papa Kasereka mbele, kifua mbele kwa fahari, Nestor nyuma yake, na Mama Régine amekunja kitenge chake kisiguse nyasi. Mzee alikuwa anaeleza kwa sauti hata kabla hawajafika: hapa barabara, hapa duka, hapa nyumba ya binti. Halafu akaona rundo la vigingi.

"Shikamoo, mzee," Kenyi alisema. Akamwamkia na Nestor.

"Nani amengoa?" Papa Kasereka aliuliza.

"Ni mimi, mzee. Hapa hakuna nyumba. Mimi nakosa wakati ya kupima, sasa nasahihisha. Hii yote nafuta ndani ya ramani."

"Na kiwanja ya binti yangu?"

"Hata hiyo, mzee."

Nestor akasafisha koo. "Kaka, ulisema kijana ana kiwanja. Minaona mayi."

Neno lile lilimchoma Papa Kasereka kuliko mkuki. Uso ukamkunjamana, na yote aliyokuwa ameyameza tangu mwanzo yakatoka kwa mkupuo. "Sikuwaambia? Mutoto wa kambi! Hana kwabo, na hata akipewa, anangoa kwa mukono yake! Mi nimepanda masale hapa mbele ya batu. Masale hayangolewe. Umenivua nguo mbele ya ndugu yangu, kijana. Sidonie! Kuja hapa. Tunaenda."

"Mzee, mimi hapana gusa masale," Kenyi alisema kwa heshima. "Vigingi tu. Masale nimeacha. Ulisema si mkono yangu."

Papa Kasereka akazitazama pembe moja moja. Ilikuwa kweli. Vigingi vyote vimekwenda, lakini masale yake yalisimama pembe zote ndani ya maji, hakuna jani lililovunjika.

"Kuja, Sidonie," alirudia.

Sidonie alikuja, lakini si kwake. Aliviweka viatu vyake juu ya rundo la vigingi, akakaza kitenge kiunoni, akaingia majini mpaka kwenye sale la kwanza. Akalishika shinani kwa mikono miwili.

"Sidonie!" Mama Régine alishtuka.

"Papa," Sidonie alisema bila kugeuka, "siku ile ulisema nini mbele ya watu? Mkono ya nani inaweza kugusa haya masale?"

Mzee akamgeukia mkewe.

"Ulisema yangu. Si ndiyo, mama? Si ulikuwa hapa?"

"Nilikuwa," Mama Régine alisema, na ingawa aliinamisha uso kwa adabu, sauti yake haikuinama. "Alisema vile."

Sidonie akavuta. Sale lilitoka bila ubishi, kwa maana mizizi haikuwa imeshika kitu. Ilikuwa imeanza kuoza, yenye harufu ya tope. Shimo likajaa maji papo hapo, na chura mmoja akaruka ndani yake kama aliyealikwa. Nestor akajisahau, akacheka.

"Ona mwenyewe, papa. Ulitaka mimi nilale hapa?"

Papa Kasereka alilitazama shimo.

Sidonie aliyang'oa yote. Kenyi alipiga hatua kumsaidia, naye akamzuia kwa jicho. Hapana, hii ilikuwa kazi yake. Akayakumbatia masale kifuani, matope yakachuruzika juu ya blauzi yake ya kanisani, akapanda kutoka bondeni. Akavuka njia. Akaupanda mteremko wa mawe bila kutazama nyuma, na wale wengine, wakiwa hawana la kufanya, wakamfuata.

Aliposimama karibu na jiwe lile bapa alikuwa anahema. Juu yake palikuwa na vipande vichache vya muhogo vilivyosahauliwa na kuloweshwa na mvua. Ardhi chini ya miguu yake ilikuwa ngumu. Bonde zima lilionekana, na maji yakimetameta pale pote walipokuwa wamepanga kuweka vitanda vyao.

"Hapa?" Nestor alisema. "Hapa mutakaa na nyani."

"Hapa, baba mdogo. Jiko nitaweka upande huu. Juu ya hii jiwe nitaanika muhogo yangu na maharage yangu. Wamama wote wa mtaa watakuja kuniomba nafasi, na mimi nitawapa." Akamgeukia Kenyi. "Hii ya mwisho, hakuna mtu ataigombania. Si ulisema?"

Kenyi alikuwa anamtazama kana kwamba hajawahi kumwona. "Hakuna," alisema. "Lakini Sidonie, hapa hata jembe linalia. Kisima iko mbali. Mimi naweza kukuletea nini hapa?"

"Wewe," alisema Sidonie, mbele ya baba yake, mama yake na baba yake mdogo, wala hakuona haya. "Na maji ya kisima tutachota."

Akapiga magoti. Alichimba kwa kijiwe chenye ncha, akakata kipande kizima juu ya mizizi iliyooza, akakizika. Kucha zikavunjika. Akaenda pembe ya pili, na ya tatu, na kila mahali alipima kwa macho kama mke wa mpima ardhi. Alipomaliza la mwisho akakaa juu ya visigino vyake, akamtazama baba yake aliyekuwa bado amesimama njiani, pale mawe yalipoanzia.

"Papa, umeona. Baba mdogo ameona. Nimepanda masale mbele ya watu. Mimi sitayang'oa tena, na mkono ya mtu mwingine isiyaguse. Kama unataka nirudi nyumbani, nitarudi, mimi mutoto yako. Kama unataka niende Butembo, nitaenda. Lakini kwangu ni hapa."

Upepo ulileta harufu ya mafunjo kutoka bondeni. Kenyi alisimama wima, mikono imeshuka, akisubiri hukumu. Sidonie alitamani kumshika mkono.

Papa Kasereka alilitazama bonde. Alivitazama viatu vyake vyeusi. Halafu akapanda kwenye mawe na udongo mwekundu uliolowa, akafika kwenye sale la mwisho, akainama, akalitazama kwa jicho la kukosoa.

"Limelala," alisema. "Nani alikufundisha kupanda vile?"

"Ni wewe, papa."

Mzee akalinyoosha kwa vidole viwili. Akashikilia hivyo, na kwa kiatu chake cha Jumapili akaanza kukanyagia udongo pande zote, polepole, mpaka ngozi nyeusi yote ikawa nyekundu.

"Ule kijana," alisema bila kuinua kichwa, "kesho akiwa kule Arua, aandike na hii ya jiwe. Nestor. Ukifika Butembo, uambie batu, binti ana kwabo."